Viti Saba, Chumba Kimoja

Jumapili, 27 Julai 2025. Kitengela.

Leo ni mwaka mmoja, miezi miwili na siku kumi na moja tangu nitoke nyumbani Kimilili. Niko na vitambaa vya viti kumi na vinne, vyote nimefuma kwa mkono wangu. Kiti sina hata kimoja.

Nieleze. Mwezi wa tatu nilimbebea Macharia simiti hadi kwake. Macharia ndiye fundi wangu hapa mjengo: yeye anajenga, mimi ni mtu wake wa mkono, yaani nachanganya, nabeba, nalaumiwa. Sebule yake! Viti vya watu saba, rangi ya damu ya mzee, kila kimoja kimevaa kitambaa cheupe mgongoni. Alipoingia jikoni kuniletea maji nilipiga picha. Nikaituma kwa mke wangu Nanjala na maneno mafupi: nyumba yangu ya Kitengela.

Nanjala akaonyesha kanisa zima. Tangu siku hiyo akipiga simu anauliza hali ya viti kabla ya hali yangu.

Leo amepiga. Shule zinafungwa wiki hii. Anakuja Jumamosi na Ann, msichana wetu wa miaka sita, likizo ya wiki moja. Hataki kuzungushwa Nairobi. Hataki kuonyeshwa simba. Anataka kuketi kwenye viti vile, anywe chai, anyamaze. Amechoka. Nikasema karibu sana! Ndipo akashusha sauti, ile sauti anayotumia akishaamua. Nyumba ikiwa kama ya picha, hataniuliza tena narudi lini. Ikiwa si kama ya picha, nitapanda basi naye Jumamosi itakayofuata, nirudi nikalime.

Nirudi hivi! Mimi niliyeaga kijiji nikisema hamtaniona hadi niwe mtu! Niliyechinjiwa kuku watatu wa kuagwa, na nikala mapaja yote!

Nikamwambia aje tu. Viti vinamsubiri.

Jumatatu, 28 Julai.

Niandike kwanza habari ya vitambaa, isije ikaonekana nilianza kwa wazimu.

Wamaitha, mwenye ploti ninakopanga chumba, huketi kibarazani kila jioni na wanawake wenzake wakifuma. Siku moja mwezi wa nne nilitoka mjengo mgongo umekufa, nikakaa chini kando ya tangi la maji, nikawatazama. Sindano yao ina kulabu mdomoni. Sasa mimi kutwa nafunga vyuma vya zege kwa kulabu: unashika waya, unazungusha, unavuta. Nikajiambia kazi hii naijua, tofauti ni kwamba hawa hawatoki damu. Kesho yake nikatafuta sindano na uzi, nikajifungia ndani.

Daftari halina mdomo kwa hivyo nitasema. Hakuna kitu kimewahi kunituliza hivyo. Unafuma mnyororo, unageuka, unaingia shimo la tatu, unageuka. Hakuna mtu wa kupiga kelele "leta maji!" Ukikosea unafumua, na hakuna ukuta unaanguka. Vitambaa vyangu ni vikavu kidogo, kwa sababu mkono umezoea waya. Kimoja nikikisimamisha mezani kinasimama. Mezani nimesema kwa mazoea. Meza pia sina.

Anayejua ni mtu mmoja, Tabitha wa mlango wa pili, Mmaasai wa Kajiado. Asubuhi anauza maziwa, jioni anafuma na kina Wamaitha, na kwa kufuma hana mpinzani. Aliniona dirishani. Alicheka hadi akaweka mtungi chini. "Sopa, olpayian," akaniita, ndiyo mzee mzima kwa Kimaasai, kisha akauliza hicho ni kitambaa au ni kikapu cha viazi. Yeye anafuma pambo la nanasi na linatoka nanasi. Mimi nikifuma nanasi linatoka kabichi. Nimemwomba asiseme. Wanaume wa mjengo wakijua, nitahama kaunti.

Mpango wa kwanza: kuazima viti vya Macharia. Nilimweleza kitaalamu kwamba viti vikikaa mahali pamoja miguu inaoza, nikajitolea kuvitembeza wiki moja. Akasema nikachanganye simiti.

Jumanne, 29 Julai.

Nimepata! Nimepata nikiwa nimebeba jiwe, na karibu niliachilie kwenye mguu wa Macharia kwa furaha.

Mgeni akiingia kwa nyumba ya mtu haoni kiti. Anaona kitambaa. Na mgeni hafunui kitambaa! Nimeishi miaka thelathini na nane, nimeketi kwenye nyumba za wachungaji, za walimu, za wakwe, sijaona mtu mwenye adabu akiinua kitambaa kutazama chini. Ni sawa na kufunua sufuria ya mwenyewe. Kwa hivyo chini ya kitambaa kunaweza kuwa na kitu chochote.

Kitu chochote ninachoweza kupata ni mawe.

Nikamwomba Macharia mawe yaliyovunjika na simiti ya mfuko ulioanza kuganda. Akauliza ya nini. Nikasema nyumba ya kuku. Akauliza kuku wangapi. Nikasema saba, kwa sababu ndiyo hesabu niliyokuwa nayo kichwani. Akasema chukua.

Nimesukuma wilbaro la mawe mara tisa kutoka mjengo hadi ploti. Githongo, bawabu wa geti la mjengo, alihesabu kwa sauti kila nilipopita. Mara ya tisa akauliza kama kuku hao watapanga ama watanunua.

Alhamisi, 31 Julai.

Nimejenga jana jioni na leo jioni. Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi, na hakuna wa kuiona.

Nilianza vizuri. Kamba, pima maji, kila kitu. Viti vitatu ukuta wa nyuma, viwili ukuta wa kulia, kimoja kimoja upande wa mlango, kama vya Macharia. Migongo imelala kidogo kwa starehe. Mikono ya viti nimeilainisha kwa mwiko. Ningeweza kupanga mawe makavu bila simiti, na baada ya wiki niyaondoe. Wazo hilo lilikuja. Nikalifukuza. Jiwe bila simiti ni uchafu, nimefundishwa hivyo kwa matusi mwaka mzima, siwezi kuanza kuwa mchafu nyumbani kwangu.

Godoro langu, jembamba kama chapati, nimelikata vipande saba. Vimetoshea barabara!

Nilipomaliza nikasimama katikati ya chumba kufurahia, nikagundua mambo matatu. La kwanza, kitanda hakina mahali. Nimekifungua, mbao nimezisimamisha kona. La pili, kile kiti cha kando ya mlango kimezidi kidogo, mlango sasa unafunguka kiasi cha mtu kuingia kwa ubavu. La tatu, nimelala wapi siku zote? Kwenye godoro. Godoro liko wapi?

Nimekaa kwenye kiti cha watu watatu nikafuma hadi mshumaa ukaisha. Baridi ya mwezi wa saba wa Kitengela ikipita ndani ya jiwe haiombi ruhusa.

Ijumaa, 1 Agosti.

Shuka mbili za damu ya mzee juu ya mawe, vitambaa kumi na vinne juu ya shuka. Nimerudi nyuma hadi mlangoni nikatazama kwa jicho moja. Ni sebule! Naapa ni sebule. Kwa sababu vitambaa vyangu ni vikavu, vimesimama vizuri kuliko vya Macharia. Vyake vinateleza kila mtu akiinuka. Vyangu vinangoja amri.

Tabitha akaja na maziwa, akaingia kwa ubavu, akaketi kwa kishindo kama watu wanavyoketi kwenye viti. Nilisikia mfupa. Hakulia. Akapapasa chini ya shuka, akaniambia kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba kwao manyatta hujengwa kwa siku chache lakini hakuna mtu amewahi kujenga kiti.

Nikamsihi asiseme chochote, na hasa asiseme ninafuma. Nitamwambia Nanjala vitambaa nimenunua duka kubwa Nairobi. Akauliza kwa nini hilo nalo nidanganye. Nikasema mke hasafiri usiku mzima kuja kuona mwanaume wa kufuma. Akasema mimi ni mtu wa ajabu. Halafu akanyoosha kabichi yangu moja, akasema shimo la nne nimeliruka. Wivu.

Jumamosi, 2 Agosti.

Wamefika! Nanjala amekonda. Mimi nimekonda. Ann amekua. Alinipa mkono akasema, "Shikamoo anko."

Anko! Nilicheka. Nilicheka sana, hadi nikahitaji kwenda kutafuta maji.

Nanjala aliingia kwa ubavu bila kuuliza. Akasimama. Akahesabu viti kwa macho, nikaona midomo ikihesabu. Akasema, "Baba Ann, kumbe ni kweli." Akaketi polepole, kwa sababu mgongo unamuuma tangu kwenye basi. Mungu ni mkubwa! Angeketi kama Tabitha tungekuwa hospitali. Akasema viti vya mjini ni vigumu. Nikasema hiyo ndiyo hali ya viti vipya, sponji haijafunguka.

Akauliza chumba cha kulala kiko wapi. Nikasema huu ndio mtindo sasa, kila kitu mahali pamoja, matajiri wa Nairobi wote wanaishi hivyo. Akauliza mbao za pale kona. Nikasema ni mapambo.

Akashika kitambaa, akakipitisha vidoleni, akasema vizuri hivi vimetoka wapi. Nikajibu: duka kubwa, Nairobi. Nilijisikia kama mtu aliyemkana mtoto wake.

Tumelala kwenye kiti cha watu watatu, Ann kwa cha wawili. Ann ameuliza kwa nini kiti kinatoa baridi.

Jumapili, 3 Agosti.

Msiba. Au karibu msiba.

Tulitoka kanisani tukarudi kupumzika. Siku tulivu. Nanjala anakunywa chai, Ann anachora, mimi nimekalia mikono yangu isitafute sindano. Mara hodi. Macharia! Amesikia mtu wake wa mkono amepata wageni, amekuja kuwasalimia kistaarabu, mkate na sukari mkononi. Suti ya kanisani. Kilo mia moja na kitu.

Alikwama mlangoni. Tukamvuta. Kisha nikaona anatafuta kiti kwa makalio, anajiachilia, na sikuwa na nafasi ya kusema lolote.

Macho yalimtoka. Alikaa pale wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kisha kidole kimoja kikaanza kushuka pembeni, chini ya shuka, polepole. Vidole vya fundi. Vikapata kiungo cha kwanza. Vikapata cha pili. Vikafuata simiti hadi pembeni na kurudi. Hakufunua kitambaa, adabu anayo, hilo nitamshukuru hadi kaburini.

"Nalianya," akasema, "kuku wako wanaishi vizuri."

Nanjala akauliza kuku gani. Macharia akasema ni mambo ya mjengo tu, mama. Akaongeza kwamba mistari imenyooka. Mwaka mmoja na miezi miwili, mara ya kwanza kunisifu!

Jambo moja silielewi. Nanjala alimtazama Macharia sana. Alimmiminia chai akimtazama. Akamuuliza kama wamewahi kuonana. Macharia akasema hapana, yeye magharibi hajafika. Nanjala akasema, "Sura hii naijua." Nikabadilisha mazungumzo yakawa ya mvua.

Jumanne, 5 Agosti. Kajiado.

Ann ameanza kukohoa kwa baridi ya mawe. Tabitha, ambaye sikumwomba, ametualika kwa mama yake nje kidogo ya Kajiado, tukapumzike siku moja penye jua na maziwa. Nikakubali haraka. Kila saa nje ya sebule ni saa ya usalama.

Niseme tu: hii ndiyo siku ya likizo. Upepo, mbuzi, chai iliyojaa maziwa hadi kijiko kinaogopa. Hakuna mtu aliyetuuliza chochote. Mama yake Tabitha hajui Kiswahili kingi; alitusalimia kwa Kimaasai, akatuletea viti, akaendelea na shanga zake. Viti vya kweli! Nanjala aliketi, akazama, akafunga macho. "Hiki sasa," akasema, "ni kiti." Nilitazama mbuzi.

Mchana Tabitha akatoa uzi wake, akaanza kitambaa kipya, pambo la nanasi. Mimi nimekaa mkabala naye, mikono katikati ya magoti, kama mlevi aliyeokoka amekaa mbele ya baa. Mstari wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Mstari wa tano nikaona anaruka shimo. Nikanyamaza. Akaruka lingine! Nikang'ata ulimi. La tatu akaliruka huku akiangalia mawingu, na kabla sijajua nimesimama, nimempokonya kazi, nimesema, "Unaua nanasi!" nikafumua mistari miwili, nikaketi, nikaanza kuirudia.

Nilifuma mstari mzima kabla sijasikia kimya.

Nanjala amenikodolea macho. Mama yake Tabitha ameacha shanga. Tabitha anatazama mbuzi kwa uso wa mtu ambaye maishani mwake hajawahi kukosea shimo, na sasa nakumbuka kwamba hajawahi.

"Baba anajua!" Ann akapiga kelele. "Mama, baba anajua kufuma!"

Baba. Alisema baba.

Nilimfundisha mnyororo. Ameshika haraka kuliko mimi, mkono wake ni mwepesi, hajafunga waya. Nanjala akaegemea kwenye kile kiti akatutazama hadi jua likageuka. Tuliporudi Kitengela, akaingia kwa ubavu, akainua kitambaa kimoja, akakisimamisha juu ya kiganja, kikasimama. Akasema taratibu, "Baba Ann. Kitu kimoja tu cha kweli kiko kwa hii nyumba, na ndicho unasema umenunua."

Hapo ndipo ningesema yote. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema viti pia ni vya kweli, vimetoka Italia.

Alhamisi, 7 Agosti.

Wamaitha amegundua. Mlango ndio ulinisaliti. Alikuja kukagua bomba, akajaribu kuingia, akakwama kama Macharia, na Wamaitha si mtu wa kuvumilia kukwama kwenye mlango wake mwenyewe. Akasukuma. Mlango ukagonga kiti. Kiti hakikusogea. Kiti cha kawaida kinasogea. Akainama, akainua shuka. Adabu ya vitambaa haimhusu mwenye ploti!

Nilingoja kelele. Hakupiga kelele. Akagonga kiti kwa vifundo vya vidole, hiki, na hiki, na hiki, vyote saba. Nikaona uso wake ukibadilika taratibu, na si upande nilioutarajia.

"Umejenga," akasema.

Nikasema nitabomoa, mathe, Jumapili hii hii.

"Kubomoa nini? Wewe Nalianya umejenga ndani ya nyumba yangu. Kitu kimejengwa ndani ya nyumba yangu ni cha nani?"

Halafu akaeleza mambo yake kwa furaha, mbele ya mke wangu. Kuna mwalimu anatafuta chumba chenye viti. Walimu hawataki kuhama na vyombo. Na viti hivi hata mpangaji akitoroka hawezi kutoroka navyo! Amekuwa mwenye ploti miaka kumi na tano hajafikiria jambo hilo. Mwisho wa mwezi niwe nimetoka. Mbao za kitanda niende nazo. Ameniombea baraka.

Akauliza pia kama vitambaa vinabaki, kwa sababu mwalimu atavipenda. Ndipo niliposimama. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikasema mawe chukua, shuka chukua, vitambaa ni vyangu, kila shimo nimeingia mwenyewe. Nilisema kwa sauti kubwa. Ploti nzima ilisikia. Kina mama wa kibarazani wakapiga makofi. Sasa kila mtu anajua ninafuma, na nimefukuzwa na kiti changu mwenyewe.

Wamaitha alipotoka nikabaki na Nanjala. Nikasubiri. Akasema nikae. Tukakaa, polepole. Akatoa simu yake, akafungua ile picha ya mwezi wa tatu, akaikuza kwa vidole. Si viti. Ukuta. Nyuma ya viti, juu ya ukuta, kuna picha ya harusi kwenye fremu. Bwana harusi kilo mia moja na kitu, suti ya kanisani.

"Miezi mitano," akasema, "nalala nikijiuliza mume wangu ametundika harusi ya nani. Nikafikiri ni mwenye nyumba. Nikafikiri umeingia dini. Jumapili akaingia na mkate."

Nikauliza kwa nini alikuja kama alijua. Akasema alikuja kuniona mimi. Mambo ya viti alisema ili nikiri ukweli mwenyewe kabla hajafika. Hakuwaza hata kidogo kwamba nitajenga.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka vibaya, akajishika mbavu, akaomba nimsaidie kulala chini, na chini hakuna nafasi, kumejaa viti.

Jumamosi, 9 Agosti.

Wameondoka asubuhi. Sikupanda basi nao. Nilisema ukweli safari hii: nyumba ya ghorofa tunayojenga inamalizika Disemba, na Macharia hana mtu mwingine anayeweza kunyoosha mstari. Amekubali. Ameweka masharti. Nije Disemba. Nije mimi. Nisije na kitu, nisitume picha ya kitu, nisijenge kitu. Nije na mikono mitupu na sindano yangu, tukae mbele ya nyumba tufume, Ann atusomee. Hiyo ndiyo likizo anayotaka. Hataki kijiji kione chochote.

Nikasema ndiyo. Nilimaanisha. Machozi yalikaribia.

Vitambaa vyote kumi na vinne amebeba. Ann amebeba sindano yangu ya kwanza na mnyororo wake, mrefu kama kamba ya mbuzi. Kwa dirisha la basi alipiga kelele, "Baba, usiruke shimo!"

Tabitha alinikuta geti la ploti nikipangusa uso. Nikasema ni vumbi. Kitengela ina vumbi jingi. Akasema kweli ina vumbi. Hajanitania hadi jioni.

Jumapili, 17 Agosti.

Sikungoja mwisho wa mwezi, nimehamia stoo ya mjengo. Githongo alinipokea vizuri, ila ameuliza kama kuku wanafuata. Nalala juu ya mifuko ya simiti, ambayo ni laini kuliko viti vyangu. Mwalimu ameshahamia kule. Nasikia amewaita marafiki kumwonyesha sebule, na mmoja aliketi kwa kishindo.

Naishi kwa amani. Nafanya kazi, jioni nafuma mlangoni waziwazi, wanaume wa mjengo wamechoka kunicheka, wawili wamekuja kuuliza bei ya uzi. Masharti ya Nanjala nimeyaandika kwa makaa ukutani. Mimi. Mikono mitupu. Sindano.

Leo mchana kaka yangu mkubwa alipiga simu kutoka nyumbani. Akasema amesikia narudi Disemba, na habari imefika hadi kwa wakwe kwamba viti vilikuwa vya mawe. Akacheka kwa muda mrefu, simu yangu ikipata joto. Akasema watanipokea hivyo hivyo, atakuja na baiskeli stendi kunichukua, kwa sababu mtu wa mikono mitupu hana mzigo.

Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukiuliza: baiskeli ya nini? Mimi nakuja na gari langu.

Akanyamaza! Utamu wa kimya kile!

Sasa hakuna sababu ya kuogopa. Viti vilinishinda kwa sababu nilijenga, na gari halijengwi. Macharia ana gari la kubebea vyombo vya kazi, na jana nililiosha. Nimepiga picha tatu. Safari hii nimekagua kila kioo na kila pembe: hakuna harusi ya mtu ndani. Na gari ni gari gani bila vitambaa kwenye vichwa vya viti? Nimeanza jioni hii, vitambaa vitano, pambo la nanasi. La kwanza limetoka kama nanasi kabisa. Tabitha alipita na maziwa akauliza gari liko wapi. Nikamwambia kila kitu na mpango wake, kwanza vitambaa.

Nimemtumia kaka yangu picha na ujumbe huu. Nitafika nyumbani Jumamosi, tarehe 20 Disemba, kabla ya chakula cha mchana. Wafungue geti pande zote mbili.